Kukikamata Kilimia

Msomaji mpendwa, mtu aghalabu huacha kukitazama kitu akishakizoea. Nyota ziko juu ya paa za nyumba zetu kila usiku usio na mawingu, na kwa sababu hazidai kodi wala hazipigi kelele, twapita chini yake kana kwamba hazipo. Mimi nami nilikuwa katika kundi la wapitaji hao kwa zaidi ya miaka arobaini. Nataka kukueleza jinsi nilivyotolewa katika kundi hilo, na habari ya darubini ndogo niliyoinunua, na ahadi moja niliyoitoa kwa urahisi ambayo kuitimiza kulikaribia kunishinda.

Baba yangu ni mkulima katika upande wa Kinango, nyuma ya vilima vya Shimba. Hakukaa sana darasani, lakini kusoma mbingu alijua. Tulipokuwa watoto alitutoa uani usiku, akatuonyesha kichala kidogo cha nyota zilizosongamana kama kuku waliolala pamoja, akatuambia kuwa hicho ndicho Kilimia, na kwamba jina lake limetokana na kulima. Alitufundisha usemi wa wahenga kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilipokuwa mtoto niliusema kama kasuku. Nilipokua nikajua kuwa usemi huo una hesabu ndani yake. Kila siku nyota hutangulia kuchomoza na kuzama kwa muda wa dakika nne hivi kuliko siku iliyopita. Kwa hiyo mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, Kilimia huzama pamoja na jua na kupotea machoni. Na katika Juni huzuka tena upande wa mashariki alfajiri, mvua zikiwa zimepungua. Mkulima asiye na kalenda alikuwa nayo kalenda juu ya kichwa chake.

Kazi yangu iko Mombasa, nami hurudi nyumbani Ijumaa jioni. Mwezi mmoja wa Desemba tulikuwa tumeketi uani baada ya chakula. Mbingu zilikuwa safi, na Kilimia kilikuwa juu sana, kaskazini kidogo ya utosi. Baba aliinua uso, akautuliza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona mwaka huu Kilimia hakikuja?"

Sikujua la kumjibu. Nilitazama juu, nikakiona; nikamtazama yeye, nikaona kwamba hakufanya mzaha. Alikuwa amenyamaza kwa miaka mingi akidhani kuwa giza lililokuwa likimsogelea ni desturi ya uzee. Juma lililofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho, naye akatuambia kwamba ni glakoma, maradhi ambayo aghalabu huambatana na shinikizo kubwa ndani ya jicho, nayo huuharibu mshipa wa fahamu upelekao habari za jicho katika ubongo. Huanza kwa kunyang'anya pembeni, polepole, bila maumivu, hata mgonjwa asijue kuwa ameibiwa. Dawa ya matone huweza kulizuia lililobaki lisipotee, walakini lililokwisha kupotea halirudi.

Tulirudi nyumbani kimya. Njiani nikasema neno ambalo ulimi ulilitoa kabla akili haijalipima. Nikasema, "Baba, nitakukamatia Kilimia, nikuletee mkononi." Akacheka, lakini aliitikia, "Haya, nitangoja."

Nilikuwa na akiba niliyoiweka kwa ajili ya kununua pikipiki. Katika Januari niliichukua nikanunua darubini yenye lenzi ya upana wa milimita 80, kiweko chake cha miguu mitatu chenye mota ndogo, na kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mke wangu aliutazama mzigo huo ulipofunguliwa, akaniuliza kama darubini ile ningeweza kuipanda kwenda kazini. Swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo.

Usiku wa kwanza nilimkalisha Baba kitini, nikamwekea jicho kwenye tundu la darubini. Alijaribu kwa subira kubwa. Akasema aona vijinga viwili vitatu nyuma ya pazia, kisha navyo vikamponyoka, maana jicho lililobakiwa na tundu dogo la kuonea ni vigumu kulilinganisha na tundu dogo jingine. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kutazama hakutatosha; ilinipasa kupiga picha, kisha niikuze hata iwe kubwa kama meza.

Yafaa ujue, msomaji, kwa nini kamera hushinda jicho katika kazi hii. Jicho halijui kuweka akiba. Nuru iliyoliingia sasa hivi hutumika na kwisha, na ukikodoa kwa saa nzima huoni zaidi ya ulichokiona baada ya kulizoea giza. Kamera huiweka nuru, tone juu ya tone, kama mtungi uliotegwa chini ya paa wakati wa manyunyu. Katika mwaka 1885 ndugu wawili wa Ufaransa, Paul na Prosper Henry, walikipiga picha Kilimia hiki hiki huko Paris, na katika sahani yao wakakuta ukungu umeizunguka nyota moja iitwayo Maia, ukungu ambao watazamaji waliowatangulia hawakuwa wameuona. Mtungi ulikuwa umejaa maji ambayo kiganja hakikuweza kuyakinga.

Nilidhani basi kwamba kazi ni kufungua kamera na kungoja. Kumbe dunia yenyewe haingoji. Tumepanda juu ya pia kubwa izungukayo, na kwa mzunguko huo nyota huonekana zikisafiri nyuzi 15 kwa saa. Ukiiacha kamera wazi kwa dakika moja tu, nyota husogea mwendo ulio karibu na nusu ya upana wa mwezi mpevu. Picha yangu ya kwanza haikuwa na nyota hata moja. Ilikuwa na mikwaruzo mieupe, kama mtu aliyekuna ubao kwa msumari.

Dawa ya ugonjwa huo ni mota ya kiweko, ambayo huizungusha darubini kinyume cha mzunguko wa dunia, mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini mota hiyo haina faida ila mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Kitabu cha maelezo kilisema, bila wasiwasi wowote, "Elekeza kwenye Nyota ya Kaskazini." Msomaji, kitabu hicho kiliandikiwa watu wa mbali. Kwetu Kinango, yapata nyuzi nne kusini ya ikweta, nyota hiyo haichomozi. Ncha ya kusini nayo iko nyuzi nne tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya minazi ya jirani, wala haina nyota yenye kung'aa ya kuionyesha. Juu ya hayo, kiweko changu hakikuweza kuinamishwa chini ya nyuzi 15, kwa kuwa aliyekitengeneza hakufikiri kwamba kuna mtu wa kuishi karibu na ikweta na kutamani nyota.

Nilikata tamaa kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikipeleka kiweko sokoni kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kazi yake ni madirisha na malango. Nilimweleza haja yangu. Akanisikiliza, akapima kwa kipande cha mbao, akanitengenezea kabari ya chuma yenye mwinamo wa nyuzi 11. Kabari ile ilikifanya kiweko kielemee upande mmoja, na usiku wa kwanza kilikaribia kuanguka chote na darubini yake. Niliidaka kwa kifua. Tangu siku hiyo nilikining'inizia mfuko wa mchanga katikati ya miguu, na mfuko huo ulikisaidia pia kuupinga upepo wa kaskazi, ambao katika miezi hiyo huvuma hata usiku na kuitikisa darubini kama bendera.

Kisha nilijifunza njia ya kuuelekeza mhimili pasipo nyota ya kuongoza. Humulikwa nyota moja iliyo karibu kupita juu ya mstari wa kaskazini na kusini, mota ikiwa inazunguka, na mtazamaji hungoja. Nyota ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umekaa kombo. Husogezwa kidogo kwa upande, ikatazamwa tena. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, na kila mara mteleko huwa mdogo zaidi. Mimi ilinichukua usiku tatu kuijua. Mbu wa Kinango ni mashahidi wangu.

Huenda ukafikiri, msomaji, kwamba mambo haya ni ya wageni, nasi twayaparamia tu. La hasha. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Na majina ya nyota nyingi tuyaonayo katika vitabu vya Ulaya ni ya Kiarabu. Nyota iitwayo Rigel, kwa mfano, ni mguu. Mbingu hazina mwenye shamba.

Wakati nikijifunza, siku zilikuwa zikinitoroka. Nilikuwa na usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi tu. Katika hizo, mwezi mkubwa ulizila nyingi, maana nuru yake huufunika ukungu mwembamba kama chokaa. Nyingine zililiwa na mawingu, na mbili zililiwa na umande uliotanda juu ya lenzi hata nyota zikavimba na kufifia. Kila juma nililorudi, Kilimia kilikuwa kimesogea magharibi zaidi saa za jioni, kikikimbilia kuzama kwake, na kila juma Baba alihitaji mkono wangu mapema zaidi kushuka kizingiti. Sikujua ni lipi litakalotangulia, kuzama kwa Kilimia au kuzama kwa macho yake. Matone aliyatia asubuhi na jioni bila kukosa, lakini kila nilipomwona akipapasa ukuta moyo wangu ulipapasa pamoja naye.

Katikati ya Februari rafiki yangu mmoja wa kazini alinionea huruma. Alinitafutia katika intaneti picha ya Kilimia iliyopigwa kwa darubini kubwa juu ya mlima, picha nzuri ajabu, akanishauri niichapishe nimpelekee mzee. "Nyota ni zile zile," alisema, "naye hatajua tofauti." Sitakuficha kwamba niliikubali. Niliibeba picha hiyo katika mfuko wangu, ndani ya matatu, mpaka karibu na nyumbani. Nilijiambia kwamba haja ya mzee ni kukiona Kilimia, na kwamba kumnyima picha bora kwa ajili ya kiburi changu ni dhambi.

Nilipofika, Baba alikuwa amekaa karibu na mwembe, mahali nilipozoea kusimamisha kiweko. Alikuwa ameshika fagio. Alikuwa amefagia mahali pale kwa kupapasa, akaondoa mawe na majani, ili nisijikwae usiku. Akaniuliza, "Leo kutakuwa na mawingu?" Niliirudisha ile picha ndani ya mfuko, na haikutoka tena.

Usiku huo hakukuwa na mwezi, na upepo ulitulia baada ya saa mbili. Nilisimamisha kiweko, nikauelekeza mhimili, nikairekebisha lenzi hata nyota zikawa vitone vidogo kama ncha za sindano. Nilipiga picha 60, kila moja ya dakika moja. Picha moja peke yake huwa chafu, imejaa chembechembe za makosa ya kamera. Lakini makosa hayo hayaangukii mahali pamoja kila mara, na nyota huangukia mahali pake daima. Kwa hiyo picha zikipangwa moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta, ukweli hujirundika na makosa hufutana. Picha nne huupunguza uchafu hata nusu, na picha 100 hata sehemu moja ya kumi. Kisha niliifunika lenzi kwa kifuniko chake, nikapiga picha nyingine 20 za giza tupu, kwa sababu kamera hutia madoa yake yenyewe hata pasipo nuru, na lazima mtu ayajue madoa hayo ili ayaondoe. Nilicheka peke yangu gizani kwamba ili nipate nuru safi ilinipasa kwanza kulipiga picha giza langu mwenyewe.

Jumapili alfajiri, kompyuta ilipomaliza kazi, Kilimia kilitokea. Nyota kubwa zilikuwa nyeupe zenye samawati, na kuzizunguka kulikuwa na utaji hafifu wa samawati, kama moshi wa jikoni asubuhi. Huo ni vumbi jembamba la angani lirudishalo nuru ya nyota. Picha haikuwa nzuri kama ile ya mlimani. Pembeni nyota zilikuwa zimevutika kidogo, na upande wa mashariki, ziliko taa za Mombasa, kulikuwa na wekundu. Hata hivyo ilikuwa ni nuru iliyoangukia uani kwetu. Ilisafiri kilomita 300,000 kwa kila sekunde, kwa muda wa miaka 440 hivi. Iliondoka huko miaka michache kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, ikaja ikatua ndani ya chombo changu kando ya mwembe.

Juma lililofuata niliipeleka kwa Baba, imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Nilimwekea mezani, juani. Aliinamisha uso karibu kabisa, akaanza kuipitia sehemu kwa sehemu, kama mtu asomaye barua, kidole kikitangulia.

"Ulikipiga wapi?" aliuliza.

"Hapa uani, Baba. Mahali ulipofagia."

Akaendelea. Alihesabu kwa sauti ndogo. Alipita sita, akapita kumi, akafika ishirini na kitu, akaacha. "Tangu utotoni nilihesabu sita," alisema. "Hizi nyingine zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa hapo hapo, Baba. Hapana jicho la mtu liwezalo kuziona zote."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi si mimi peke yangu nisiyeona." Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Desemba.

Msomaji, sikumrudishia baba yangu macho. Hilo si katika uwezo wa darubini, na daktari alikwisha kutuambia ukweli. Lakini nilijifunza ambayo nataka uyachukue, nawe umo katika umri wa kufanya kazi kubwa kuliko zangu. Ahadi uliyoitoa kwa urahisi hutimizwa kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo hufanya kitu chako kiwe chako. Kazi ya mwingine, hata ikiwa bora mara mia, ikitolewa kwa jina lako haina nuru ndani yake. Tena, ukiwa na mzazi au babu aanzaye kujikwaa pembeni, usingoje aseme. Mpeleke apimwe macho mapema.

Wala usingoje darubini. Toka nje usiku wa leo ukiwa na macho yako mawili, ukae gizani kwa robo saa, uhesabu Kilimia kama msimu wake umefika. Ukiipata darubini siku moja, usiielekeze kwenye jua hata kwa dakika moja, maana jicho liunguapo halina fundi.

Mwishoni mwa Aprili Kilimia kilizama, na mvua ilikuwa ikinyesha. Picha ilibaki ukutani karibu na dirisha. Mwishoni mwa Juni niliamka alfajiri nikatoka uani, nikatazama mashariki. Nilirudi ndani, nikamgusa Baba bega.

"Kimezuka," nikamwambia.

"Kwa jua?"

"Kwa jua, Baba."

Aliitikia kwa kichwa, akauliza jembe lake liko wapi.